Soya Imetoroka Dispensari: Dango za Soba na Tofu Zafika Rusizi I

Nitatoa hukumu kwanza, ushahidi utafuata: ni tamu mno! Dango, ndugu zangu, dango! Vitonge vya Kijapani vyenye upana wa sentimita tatu hivi, vinne vinne kwenye kijiti cha mshikaki, vimebabuliwa juu ya makaa mpaka vikapata madoa meusi, kisha vikamwagiwa mchuzi mzito unaong'aa, sukari ikitangulia na chumvi ikifuata nyuma yake. Ndani hamna yai, hamna maziwa ya ng'ombe, hamna hata chembe ya ngano. Kuna unga wa soba wenye rangi ya kijivu, kuna unga wa mchele wa Bugarama, kuna wanga wa muhogo, na kilichovishika vyote pamoja si maji. Ni tofu! Tofu ileile inayouzwa kwenye ndoo, ambayo wengi tunainunua siku nyama ikipanda bei.

Kwa asiyepafahamu, Rusizi I ni pale Ziwa Kivu linapoishia na mto unapoanza safari yake ya kuteremka kwenda Tanganyika. Huku ni Cyangugu ya zamani, ng'ambo ni Bukavu, katikati kuna daraja. Wenzetu wa ng'ambo hupaita Ruzizi premier. Kila asubuhi daraja hilo linapitisha unga, nyanya, mayai, sambaza na vitenge, vichwani na mikononi, na watu wanapatana bei kwa Kinyarwanda, kwa Kimashi na kwa Kiswahili, mara nyingi kwa vyote vitatu ndani ya sentensi moja. Dango hazimo katika mizigo hiyo. Sijamwona mtu anayeziuza, si Kamembe juu kule wala Kadutu huko Bukavu. Hizi nilizipika mwenyewe, kwenye jiko la nyumba inayotazama mto, na tangu kijiti cha kwanza sijaacha kuzisema. Jamaa zangu wamechoka. Sasa ni zamu yenu.

Ila niseme kwanza kwa nini nimepandwa na wazimu huu, maana si sukari tu.

Huku kwetu soya ina sifa moja mbaya: ni chakula cha wajibu. Mtoto akipungua uzito, mama anaambiwa soya. Uji wa SOSOMA, mchanganyiko wa mtama, soya na mahindi unaojulikana Rwanda nzima, umelea maelfu ya watoto, na ng'ambo ya daraja kuna ndugu yake, masoso, mazao yaleyale matatu kwa mpangilio mwingine. Ni vyakula vyema na siwezi kuvisema vibaya. Lakini muulize mtu mzima aliyelelewa nao kama angependa kikombe kingine leo jioni, umtazame uso. Soya tumeijua kwenye mizani ya kupimia watoto, kwenye picha za ukutani, kwenye somo la lishe. Ina protini zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, na hilo ndilo tunaloambiwa daima, kana kwamba chakula kikishakuwa na protini hakina haja tena ya kuwa na ladha.

Tofu imejaribu kuiokoa, nakubali. Mishikaki ya tofu imeingia kwenye vilabu vya Kigali hadi huku, imekaangwa, ina vitunguu pembeni na tone la pilipili ya Akabanga, na kuna walevi wanaoitaka kuliko mbuzi. Lakini hata hapo tofu inasifiwa kwa kuigiza nyama. Bado haijaruhusiwa kuwa yenyewe.

Wajapani hawana neno hilo la protini wanaposhika dango. Tazama wanachofanya! Tofu wanaikanda ndani ya kitonge. Juu yake wanamimina mchuzi wa sosi ya soya na sukari. Au wanaacha mchuzi, wanakiviringisha kitonge katika kinako, yaani soya iliyokaangwa kavu na kusagwa, iliyochanganywa na sukari na chumvi kidogo. Soya ndani, soya juu, soya pembeni, na hakuna hata mmoja anayewaza dispensari. Na hiyo kinako, wapendwa, tunayo! Soya iliyokaangwa ikasagwa si ndiyo iliyomo kwenye uji wa mtoto? Niliposikia harufu yake ikipanda kutoka kwenye kikaango nilicheka peke yangu jikoni. Ilikuwa hapa siku zote, imefungiwa kwenye uji.

Sasa unga wa soba. Huu ndio mgeni pekee wa kweli katika bakuli, na haupatikani mpakani. Mfuko wangu ulikuja na binamu aliyetoka Ubelgiji, umeandikwa *sarrasin* kwa Kifaransa, na ukiwa na ndugu Brussels au Liège mwambie aingie duka la vyakula vya afya, atauona. Huko Brittany, Ufaransa, wanautengenezea chapati nyembamba za chumvi. Ingawa Wafaransa huuita pia ngano nyeusi, hauna undugu na ngano kabisa: ni mbegu ya mmea wa jamii ya rubabu, mbegu yenye pembe tatu, na hauna gluteni. Mmea wenyewe unapenda baridi na udongo maskini, na hukomaa upesi, siku 70 hadi 80 tangu kupandwa. Japani sehemu mbili hutajwa zaidi: Hokkaido kwa wingi wa mavuno, na Nagano, mkoa wa milima, kwa sifa. Wengi duniani huujua kwa tambi zake, zile ambazo Wajapani hula usiku wa tarehe 31 Desemba kuuaga mwaka.

Harufu yake? Fungua mfuko, weka pua. Inakuja karanga iliyoungua kidogo, halafu udongo baada ya mvua ya kwanza, halafu uchungu mdogo mwishoni ambao sukari inaupenda. Sukari peke yake huchosha ulimi. Ikikutana na soba inapata mtu wa kubishana naye.

Tatizo la soba ni kwamba haishikamani. Kanda unga wake mtupu na maji, utapata kitu kinachovunjika vidoleni. Japani huuchanganya na unga wa mchele unaonata, uitwao shiratamako. Hapa mchele wa kunata hatuna, na hapo ndipo Rusizi inapoanza kuonyesha maajabu, kwa sababu bonde la Bugarama, kusini mwa wilaya hii hii, linalima mpunga, na muhogo uko kila mahali. Mchele wa Bugarama haunati sana, lakini una mwili. Wanga wa muhogo hauna mwili, lakini unanata kupita kiasi. Vioanishe!

Vipimo vyangu ndivyo hivi: gramu 100 za unga wa mchele uliosagwa laini kabisa (mwambie wa mashine aurudishe mara ya pili, akinung'unika mpe kitu), gramu 60 za wanga wa muhogo, gramu 60 za unga wa soba, na gramu 200 za tofu. Kuhusu muhogo nina onyo kali: usitie unga wa bugali. Ule umelowekwa ukachachuka, na harufu yake, ambayo naiheshimu mbele ya sombe, itaua soba papo hapo. Tafuta wanga mweupe usio na harufu. Au chukua mihogo mibichi isiyo michungu, ikune, ichuje, acha maji yatulie, wanga utakuwa chini ya sufuria.

Tofu yetu ni ngumu. Wajapani hutumia ile laini sana ambayo haijakamuliwa, inayotikisika kwenye sahani. Dawa ni kuisaga na maziwa ya soya, kikombe nusu hivi, mpaka iwe uji mzito usio na punje. Kisha, na hapa msinikatize, ipashe moto! Mapishi mengi ya Japani huchanganya tofu ikiwa baridi, na kwa mchele wa kunata hilo linawezekana. Kwa mchele wa kawaida na wanga wa muhogo haliwezekani kabisa. Wanga ukikutana na kitu baridi hugeuka ule ute wa ajabu unaokuwa mgumu ukiupiga na maji ukiuacha. Lazima tofu iwe imeanza kuchemka unapoimwaga juu ya mchele na muhogo. Koroga kwa mwiko haraka, nguvu zote. Wanga unaiva nusu, donge linajikusanya, linaanza kung'aa. Subiri lipoe hadi mkono uvumilie, ndipo soba iingie mwishoni ili harufu yake isiondoke na mvuke. Kanda. Wapishi wa Japani wana kipimo chao cha ukandaji: donge liwe laini kama ndewe ya sikio. Nilishika sikio langu, nikashika donge, nikashika sikio, na ndio, wako sahihi kabisa.

Viringisha vitonge. Watoto wa jirani walijitokeza bila kuitwa, na ninawasifu, mikono midogo inaviringisha vizuri kuliko yangu.

Kuchemsha ni jambo la kusimamia. Tuko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, au zaidi kidogo kwa wanaokaa Kamembe, na huku maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kwa hiyo usiyaamini mapishi yaliyoandikwa Tokyo, mji wa pwani. Wao husema kitonge kikielea, hesabu dakika moja au mbili, toa. Huku kikielea hesabu dakika nne. Cha dakika moja nilikipasua: katikati kulikuwa na kidoa cheupe cha unga mbichi. Cha dakika nne kilikuwa na rangi moja mpaka kwenye moyo. Kutoka hapo moja kwa moja ndani ya maji baridi, na yale yanayotoka kwenye bomba letu yanatosha, hayahitaji barafu.

Halafu mbabula! Vijiti vilivyolowekwa, vitonge vinne kila kimoja, makaa yaliyotulia bila moto wa juu. Je, kuna watu duniani walioandaliwa kwa chakula hiki zaidi ya watu wa huku? Sisi ni taifa la mshikaki. Mwenye genge yeyote kati ya hapa na Kamembe anajua ni sekunde ngapi kugeuza kijiti na lini kupepea. Ni unga tu umechukua nafasi ya mbuzi. Ngozi ya kitonge inafura kidogo, inapata madoa, na soba ikiungua hapo juu inatoa harufu ambayo ilimvuta kijana wa moto aliyekuwa anasubiri abiria barabarani. Aliegesha pikipiki. "Hii iko nini, dada?" Nikampa kijiti. Akala kimya. Akaomba kingine, na hicho akataka kukilipia.

Mchuzi ni kazi ya dakika tano: vijiko viwili vya sosi ya soya, vinne vya sukari, mililita 100 za maji, kijiko kimoja cha wanga uleule wa muhogo, koroga juu ya moto mpaka uwe mzito na uonekane kama umepakwa vanishi. Japani aina hii huitwa mitarashi, kwa jina la dimbwi lililo kwenye hekalu la Shimogamo, Kyoto. Inasimuliwa kwamba vitonge vilikuwa vitano, vikaiga mapovu ya dimbwi hilo. Na simulizi ninayoipenda zaidi ni ya Edo, ambayo leo ni Tokyo: kijiti cha vitonge vitano kiliuzwa mon tano, mwaka 1768 ikatolewa sarafu ya mon nne, wateja wakawa wanaacha sarafu moja na kuondoka katika msongamano, wauzaji wakaamua basi, vitonge vinne. Mtu aliyewahi kununua maandazi darajani bila chenji anaielewa hadithi hiyo bila kuelezwa.

Sasa uzushi wangu mwenyewe, na Wajapani wanisamehe: tone moja la Akabanga ndani ya mchuzi. Moja! Pilipili ya Nyirangarama juu ya sosi ya soya yenye sukari. Utamu, chumvi, moshi, halafu sekunde tatu baadaye moto unakuja nyuma ya koo. Mimi sirudi tena kwenye mchuzi mtupu. Kinywaji ni chai ya Shagasha, iliyokolea, bila maziwa na bila sukari. Wilaya yetu inalima chai nzuri halafu tunaizamisha ndani ya sukari vijiko vitatu. Mbele ya dango utaiona ilivyo.

Vya kinako vina wafuasi wao, hasa wazee. Mzee wa nyumba ya pili alivipenda kuliko vya mchuzi, kwa sababu havinati kwenye meno ya bandia. Hivyo vya kinako usivichome. Viviringishe vikiwa bado na unyevu, na juu yake miminia asali. Ile nyeusi inayotoka kwenye vijiji vya pembezoni mwa Nyungwe inafanya kazi ambayo huko Japani hufanywa na shira ya sukari guru.

Kasoro? Zipo. Rangi yake haimvutii mtu: kijivu chenye vidoa, na mtoto mmoja aliuliza kama tumeangusha donge chini. Ukizidisha soba, uchungu unashinda. Gramu 60 kwa gramu 100 za mchele ndiyo mwisho. Na kuna jambo ambalo si la mzaha: wapo watu ambao miili yao huikataa soba vikali mno, hadi kushindwa kupumua, na Japani sheria inalazimisha itajwe kwenye vifurushi vya chakula. Kwa kuwa huku hakuna aliyezoea kuila, kila anayeionja mara ya kwanza aanze na kipande kidogo. Soya nayo ina watu wake.

Lakini sikilizeni ajabu ya asubuhi iliyofuata. Dango za kawaida za mchele zikilala huwa ngumu, kwa sababu wanga uliopikwa ukipoa hujipanga upya na kukaza. Zenye tofu hazikazi upesi hivyo, maana maji, mafuta na protini za soya hukaa katikati na kuuzuia wanga usijipange. Nilikuwa nimebakiza vijiti sita chini ya kitambaa kibichi, mezani, nje ya friji (friji ndiyo adui, baridi yake huharakisha kukaza). Asubuhi vilikuwa laini! Fikirieni maana yake kwa mama anayeuza kwa beseni. Andazi la saa kumi na mbili asubuhi, ikifika saa nane mchana ni la kumrushia mbwa. Kitonge hiki kinavuka daraja, kinapanda hadi Nguba, kinamsubiri mteja anayepatana bei, na bado kinatafunika.

Na asiye na binamu Ubelgiji? Nilijaribu nafaka mbili badala ya soba. Unga wa mtama mwekundu unaleta rangi nzuri ya kahawia lakini ulimi unahisi mchanga. Ulezi, huo ndio! Uukaange kavu kidogo kabla ya kukanda, harufu inapanda, uchungu kidogo upo, na bei ni ya kwetu. Wala si kuwapotosha Wajapani, maana wao wenyewe wana kibi dango, zilizopewa jina la aina ya uwele mdogo, na katika hadithi ya Momotaro, kijana aliyezaliwa ndani ya pichi, ndizo anazowagawia mbwa, nyani na ndege wa jamii ya kwale ili wamfuate vitani. Jeshi zima kwa vitonge vya nafaka!

Nilimpelekea mama anayeniuzia tofu vijiti viwili, kimoja cha mchuzi na kimoja cha kinako. Alikula vyote amesimama, mkono mmoja kwenye ndoo.

"Tofu yangu ndiyo hii?"

"Ndiyo, mama."

"Basi umeipoteza kwa sukari. Tia chumvi, ingiza sambaza ndani, funga, choma. Hiyo watu watanunua."

Hajawahi kusikia habari za Nagano, lakini ameipiga penyewe. Huko milimani, wanakotoka mafundi wa soba, wana oyaki: donge la unga wa ngano au wa soba, limejazwa mboga za majani zilizotiwa chumvi, likafungwa na kuchomwa. Na sambaza wetu ni mgeni pia, samaki wa Tanganyika aliyehamishiwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo nani anakumbuka? Kwa hiyo Jumamosi hii: vitunguu, pilipili mbichi, sambaza waliokaangwa wakavunjwavunjwa, na nusu ya mfuko wa soba iliyobaki. Mama amesema tofu atailipia yeye, kwa sharti kwamba vijiti kumi vya kwanza atavijaribu kuviuza darajani mwenyewe, na bei atapanga yeye.